Ngeli ya Borokho

Siku ya kufunga kikao cha Bunge serikali husifiwa kama marehemu mazishini, tofauti ni kwamba hapa msifu na msifiwa ni yule yule mmoja. Sebueng alikuwa amezisikia sifa hizo miaka na miaka, tena si kuzisikia tu, alizisema. Ndiyo kazi iliyomweka mjini. Yeye na mwenzake, mzee waliyemwita Ntate Khabiso, yaani baba Khabiso, walikaa ndani ya kibanda cha vioo juu ya ukumbi. Wakubwa wakisema Kiingereza kule chini, wao waliyageuza maneno kuwa Kisotho papo hapo, na sauti zao zikaenda kwenye masikio ya wabunge waliovaa visikilizio na kwenye redio za nchi nzima, mpaka vijiji vya milimani ambako gari halifiki.

"Leo tunajenga nchi, dada," alisema Ntate Khabiso asubuhi hiyo, akifungua karatasi ya makoenya ya moto, maandazi ya kwao, yaliyokuwa yakichuruzika mafuta. "Mpaka wakati wa chakula tutakuwa na zahanati kila kilima na bomba kila mlango. Kula. Huwezi kujenga nchi na njaa."

"Nikila hayo mafuta sauti inaniganda."

"Basi wewe jenga, mimi nile. Ndivyo wanavyofanya hata hao wakubwa."

Mkalimani ana sharti moja kubwa, nalo huwashinda wengi wanaoijaribu kazi hiyo. Hasemi, "Waziri anasema amejenga shule." Husema, "Mimi nimejenga shule." Anaazima nafsi ya msemaji, anaivaa, na akimaliza anaivua. Sebueng alikuwa amekwisha kuwa mawaziri wa kila namna, wanene na wembamba, wakweli na wale wengine. Kuna mwaka waziri mmoja alisimama kujitetea mbele ya wenzake, na nchi nzima ikasikia sauti laini ya mwanamke ikisema kwa hasira, "Mimi si baba wa mtoto yule!" Watu walicheka wiki nzima. Kule kijijini kwa wakwe zake walimwimbia akifika, na baba mkwe wake, mzee Lebeko, alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee huyo alikuwa na desturi ya kukaa kibarazani na redio kila Bunge likikutana. Jirani akipita alimwambia, "Nyamaza, mkwe wangu anatawala."

Kazini walimwita Sebueng, jina la usichana wake, kwa sababu aliwaomba hivyo. Lakini kwao mwanamke mwenye mtoto haitwi jina la usichana. Huitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza, na jina hilo hudumu naye hata mtoto asipodumu. Jina lake la haki lilikuwa Maborokho, mama Borokho. Na borokho, kwa Kisotho, ni daraja.

Jina hilo lilitoka kwa mzee Lebeko. Kijiji chao, Ha Sephoko, kiko ng'ambo ya mto Molikoe, na mwaka ule Sebueng akiwa mjamzito viongozi walifika ukingoni na msafara wa magari. Walichinja ng'ombe, wakaweka jiwe la msingi, wakasema daraja litakuwa tayari kabla mtoto aliye tumboni hajaanza shule. Ni usemi tu wa jukwaani. Lakini mzee Lebeko alikuwa na mtoto tumboni mwa mkwe wake, akaona anasemwa yeye. Alirudi nyumbani ameshiba nyama akatangaza kwamba mjukuu akiwa wa kiume ataitwa Borokho, ili akikua apite juu ya jina lake mwenyewe kwenda shule.

Mtoto akaja. Nguzo mbili za saruji zikaja pia, upande wa huku, kisha mafundi wakaenda sikukuu na hawakurudi. Kijiji kikapata utani wa bure.

"Mzee Lebeko, borokho lenu la nyama limeota meno. La saruji je?"

"La saruji bado linanyonya," alijibu mzee.

Borokho akatambaa, akasimama, akakimbiza mbuzi, akajifunza kupiga mluzi. Alilelewa na babu na bibi yake kwa sababu mama yuko Bungeni na baba yuko mgodini ng'ambo ya mpaka. Ndivyo watoto wengi wa kule wanavyolelewa. Kila likizo Sebueng alivuka mto kwa mtumbwi, na mtoto alikuwa akimngoja ukingoni, ananyoosha mikono kutoka upande wake na kupiga kelele, "Mama, mimi ndiye daraja! Pita!"

Miaka miwili kabla ya siku hii ya sifa, msimu wa mvua, Borokho alishikwa na tumbo. Zahanati iko upande wa huku. Mto ulikuwa umefura, rangi ya udongo, ukibeba miti mizima, na mwenye mtumbwi alikataa kata kata kuingiza kasia. Wazee walimfunga mtoto kwenye blanketi wakakaa naye ukingoni wakingoja maji yapungue. Sebueng alipigiwa simu akaja mbio. Alifika upande wa huku akawaona upande wa kule. Mzee Lebeko ana sauti ambayo milimani wanaijua. Akimwita mtu kutoka kilima kimoja, anaitikiwa kilima cha tatu. Siku hiyo aliita na mto ukayameza maneno yote. Sebueng aliona mdomo tu ukifunguka. Mwishowe mzee alifanya kile alichoweza, akalinyanyua lile furushi la blanketi juu ya kichwa ili mama mtu amwone mwanawe. Sebueng alipunga mkono. Alifikiri mtoto amelala.

Walimzika kesho yake, kwa maana maji hayakuonyesha dalili ya kupungua. Mama wa marehemu hukalia godoro ndani ya nyumba, wanawake wakamzunguka. Sebueng alikalia jiwe kando ya nguzo mbili za saruji, akatazama mazishi ya mwanawe kama mtu anayetazama shamba la jirani. Aliona watu wakiinama na kuinuka. Wimbo hakuusikia. Alirudi mjini akajinyoa nywele mwenyewe, kama wafiwa wanavyonyolewa, mbele ya kioo, maana hapakuwa na mtu wa kumnyoa.

Tangu siku hiyo jina lile lilikufa pale nyumbani. Wakwe walipomwita waliita "mwanangu." Mzee Lebeko, mtani mkubwa, akawa mtu wa kutazama miguu yake, na Sebueng alijua kinachomtafuna. Alijiona yeye ndiye aliyemtundika mtoto kwenye ahadi ya watu. Kama mzee bado alikuwa akisikiliza redio, hakusema, wala Sebueng hakuuliza.

Basi Sebueng alibaki na haja moja tu katika kazi yake, nayo ilikuwa ndogo. Lile neno lisitoke kinywani mwake. Bungeni likitajwa daraja, yeye alisema "njia ya juu ya maji," na kwa miaka miwili hakuna aliyelalamika. Ntate Khabiso alijua sababu. Wengine wote pale walidhani ni madoido yake ya lugha.

Hotuba ya Waziri Mkuu ililetwa kibandani dakika za mwisho, kama kawaida, ingali na joto la mashine. Jina lake lilikuwa Taarifa ya Mafanikio. Ntate Khabiso alilamba kidole akaanza kufunua. Akafika mahali akaacha kutafuna.

"Nini?" Sebueng aliuliza.

"Hamna kitu."

"Ntate Khabiso, uso wako hauna mlango. Nini?"

Mzee alifuta mafuta mikononi polepole. "Kuna madaraja huku mbele. Wametaja na la kwenu."

"Wanasemaje? Kwamba watalijenga?"

"Wanasema limekamilika."

Sebueng alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Kisha akakaa. Nguzo mbili. Mara ya mwisho alipopita, mbuzi walikuwa wamejikinga mvua chini yake.

"Sikiliza," alisema Ntate Khabiso. "Wewe anza. Uchumi, afya, maji, chukua wewe. Tukikaribia milimani mimi napokea. Huko utakuwa nje unakunywa chai. Hutalisikia hata hilo neno."

"Na redio? Mzee wangu akiwa anasikiliza?"

"Akisikia kwangu, ni uongo wa serikali. Akisikia kwako..." Hakumalizia.

Akisikia kwako, ni mkwe wake anasema, "Mimi nimelikamilisha." Sebueng alilimalizia mwenyewe moyoni.

Waziri Mkuu alianza vizuri, mwendo wa mtu aliyekula akashiba. Sebueng alivaa nafsi yake kama alivyovaa za wengine. "Mimi nimeukuza uchumi," alisema. "Mimi nimeleta maji." Upande wa serikali uligonga meza, upande wa upinzani uliguna. Mwanga wa asubuhi ulikuwa ukipita kwenye vioo na mambo yalikwenda. Ntate Khabiso alitazama kurasa zilizobaki, akaona bado ziko nyingi, akaonyesha kwa ishara kwamba anatoka kidogo. Kibofu cha mzee hakingoji Bunge.

Mlango ulipofungwa tu, Spika alimpelekea Waziri Mkuu kijikaratasi. Waheshimiwa walikuwa na njaa. Waziri Mkuu alitabasamu, akasema kwa ajili ya muda ataruka baadhi ya mambo, akafunua kurasa kwa mafungu. Akaruka elimu. Akaruka mifugo. Akatua milimani.

Sebueng aligeuka akatazama mlango. Hapakuwa na mtu. Barabara ya kwanza ikaja, akaitafsiri. Barabara ya pili ikaja. Alijaribu kwenda mbele ya hotuba kwa akili, atafute neno la kukwepea, lakini mkalimani hana muda wa kutafuta, kinywa chake kiko nyuma ya msemaji kwa pumzi moja tu. "Na wananchi wa Ha Sephoko," alisema Waziri Mkuu, "waliongoja kwa subira kubwa..." Sebueng akasema, "Na wananchi wa Ha Sephoko, waliongoja kwa subira kubwa." Akaona mwenyewe kibaraza, redio, na kofia ya mzee juu ya goti. "...leo nawaambia, daraja lenu limekwisha!"

Kisotho nacho kina ngeli zake, kama lugha yetu. Kitu hakisemwi kama mtu. Daraja likiisha, limekwisha; mtu akisemwa amekwisha, amekufa; na hata mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo. Alichotakiwa kusema ni, "Borokho limekwisha."

"Leo nawaambia," alisema Sebueng kwa nchi nzima, "Borokho amekwisha."

Alijisikia akisema. Neno lilikuwa limetoka lote, wazi, kwa sauti ile ile tulivu ya kazi, na halikurudishika. Alifungua kinywa alisahihishe kikakataa kufunga, kikakataa na kusema. Redioni kukawa kimya.

Kule chini Waziri Mkuu aliendelea bila habari, maana msemaji hajisikilizi kwa Kisotho. Lakini wabunge wa upinzani waliokuwa na visikilizio walitazamana, kisha wakaangua kicheko. Mmoja wao, mtu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alisimama akapunga karatasi.

"Taarifa, Mheshimiwa Spika! Mkalimani ametutangazia kwamba daraja limefariki! Ninaomba Bunge lisimame kimya, tumheshimu marehemu!"

Na wakasimama kweli. Safu nzima ya upinzani ilisimama, mikono imefumbatwa, vichwa vimeinamishwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Waliokuwa nyuma walivua hata kofia. Sebueng aliwatazama kupitia kioo. Hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye kuona kwa karibu watu wamemsimamia Borokho, na wote walikuwa wakicheka. Spika aligonga, akagonga tena. Mtu mmoja aliomba wimbo.

Ntate Khabiso aliingia anahema, zipu haijafungwa vizuri, akamwona, akaelewa. Alimsogeza kwa bega bila neno, akakikamata kipaza sauti. "Mimi nimewaahidi na mimi nimetimiza," alisema, sauti imemkauka, na akaendelea kujenga nchi mpaka ikaisha.

Alasiri hiyo mkuu wao wa idara aliwaita. Alikuwa mama mmoja msafi, mwenye kuongea polepole hata akiwa amekasirika.

"Wewe ni wa chama gani, Sebueng?"

"Sina chama, mama."

"Maana nimepigiwa simu na watu ambao sikujua wana namba yangu. Wanasema umemtukana Waziri Mkuu kwa kinywa chake mwenyewe. Wale wengine nao wamenipigia kunipongeza. Sijui nani kaniudhi zaidi." Akavua miwani. "Nakufahamu. Wewe si mtu wa vituko. Sema ulimi uliteleza. Kesho asubuhi tusome marekebisho redioni, sentensi moja tu, kwa sauti yako, kwamba borokho limekwisha, yaani lile daraja, kitu. Yaishe."

Ntate Khabiso alifumbua kinywa aeleze. Sebueng alimtazama, akatikisa kichwa. Usiwaambie.

Ilikuwa sentensi nyepesi. Angeweza kuisema huku akifunga viatu. Lakini kusahihisha kosa lile maana yake ilikuwa kurudi mbele ya nchi, na mbele ya mzee kibarazani kama bado yupo, aseme kwa sauti yake kwamba Borokho si mtu. Alikuwa amesema mengi ya uongo katika maisha yake, yote ya watu. Hili lingekuwa lake.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Sentensi moja?"

"Siwezi kuisema."

Mkuu wake alingoja sababu. Alipoona haiji alirudisha miwani, na sauti yake ikawa ya huzuni zaidi kuliko ya hasira. Akamwambia aende nyumbani, na asirudi kibandani mpaka aitwe. Huko Bungeni ukiambiwa hivyo unajua huitwi.

Ngazini Ntate Khabiso alimshika mkono. "Ungeniacha niwaambie. Wangekuhurumia."

"Wamekwisha kumsimamia wakimcheka, Ntate. Sasa unataka wamlilie?"

 Mzee alimpa makoenya mawili yaliyobaki, yamefungwa kwenye karatasi ya hotuba, na akasimama pale ngazini mpaka Sebueng alipopotea kwenye kona.

Siku mbili alijifungia. Gazeti moja lilichora daraja ndani ya jeneza, na kupitia ukutani aliwasikia watu wa nyumba ya jirani wakilicheka. Mumewe alipiga simu kutoka mgodini, akauliza tu, "Umekula?" Kisha akasema, "Nenda nyumbani. Kamwone mzee." Siku ya tatu alifunga mzigo. Hakujua atasema nini. Alichojua ni kwamba mzee yule alikuwa amejibebesha jina lile peke yake miaka miwili, na sasa yeye, mkwe, amelitupa hewani kwa kila mtu kulichezea. Aliogopa kumtazama usoni kuliko alivyoogopa kukosa kazi.

Mvua ilikuwa imenyesha njia nzima. Basi lilimwacha pale barabara inapoishia, akashuka mteremko kwa miguu, kanga ya kichwani imelowa. Aliusikia mto kabla hajauona. Alipofika kwenye zile nguzo mbili, mbuzi walikuwa chini yake, na maji yalikuwa yale yale ya udongo, yanabeba miti.

Mwenye mtumbwi alikuwa amechuchumaa karibu na mtumbwi wake aliouburuta nchi kavu. Alipomwona alisimama, akavua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili.

"Mto umenishika upande huu tangu jana, mama. Sikuvushi leo. Hata ukilia sikuvushi." Akaona haya kwa alichosema. "Pole kwa msiba."

"Msiba gani?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Si ulitangaza mwenyewe? Redioni? Nilikuwa kwa mzee Lebeko, tunasikiliza. Ulipotaja tu, mzee alizima redio. Tukakaa. Kisha akasema, haya, mama mtu ametoa taarifa, tangazeni kijijini. Maana ule wakati wa mwanzo, mama, hakuna aliyepata kukuletea habari wala wewe kuileta. Tulizika tu, kama watu wanaoficha. Mzee amesema msiba usio na taarifa ya mama haujaisha, haujaanza hata. Watu wako kwake tangu siku ile. Wanakungoja."

"Hawajacheka?"

"Wacheke nini?"

Sebueng alitafuta jiwe lake la zamani kwa mkono, bila kulitazama, lakini hakukaa. Mwenye mtumbwi alikwenda kwenye ncha ya maji, akatia vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi mrefu mara kadhaa. Ng'ambo, mlango wa kwanza ukafunguka, kisha mwingine. Wakaanza kuteremka. Walikuja wote na mablanketi yao mabegani, wanaume mbele, wanawake nyuma wamemshika mama mkwe mikono, na wakajipanga ukingoni pale pale palipokuwa na mtu mmoja tu na furushi miaka miwili iliyopita. Kofia zikashuka. Hakuna bega lililotikisika.

Mzee Lebeko alisogea mpaka maji yakamgusa viatu. Alikuwa amezeeka kuliko Sebueng alivyokumbuka. Aliweka viganja pembeni mwa mdomo, akavuta pumzi, na Sebueng akakaza macho kuutazama mdomo ule, maana hakutegemea kusikia.

"Maborokhoo!"

Sauti ilikuja juu ya maji, imevunjika katikati, lakini ikafika. Miaka miwili hakuna mtu wa nyumba ile aliyemwita jina hilo. Alishika nguzo ya saruji.

"Maborokhoo! Ni wewe?"

Alikuwa amesema "mimi" mara nyingi kuliko mtu yeyote wa nchi ile, akiwa waziri, akiwa mbunge, akiwa baba asiye baba. Sasa alifungua kinywa hakikutoa kitu. Mwenye mtumbwi alitaka kumjibia, akainua mikono mdomoni, na Sebueng akamshika mkono akaushusha.

"Ni mimi, Ntate!" alipiga kelele. "Ni mimi, Maborokho!"

"Umeniletea taarifa gani?"

"Borokho amekwisha, Ntate! Mtoto wetu amekwisha!"

"Nimesikia!" alijibu mzee. Alilia waziwazi, mikono bado iko mdomoni, na kilio nacho kikavuka. "Nimesikia, mwanangu! Kaa chini!"

Akakaa kwenye jiwe. Ng'ambo wanawake walitandika mablanketi kwenye nyasi zilizolowa, wakamketisha mama mkwe, wakakaa kumzunguka, nyuso zote zimemwelekea Sebueng. Mtu mmoja akaanza wimbo. Vipande vingine mto ulivichukua, lakini Sebueng aliyajua maneno, na kile alichokosa kusikia alikijaza mwenyewe mpaka giza likaingia.